Walipobadilishana Mabega Langoni

Belfast, 3 Machi 2014

Kaka Mervyn,

Natumaini u mzima, na wifi Avril na Mama pia. Sisi hatujambo, ila mume wangu Fintan goti linamsumbua.

Umeandika gazetini: "Ukuta haujawahi kumuua mtu. Waliouawa waliuawa kwa sababu haukuwepo." Nimekusoma mara mbili, maana nilidhani ni mwingine mwenye jina lako. Ukuta ule ulipojengwa kati ya mtaa wenu wa Waprotestanti na wetu wa Wakatoliki, tuliambiwa ni wa miezi michache. Mkataba wa amani ukatiwa saini, watu wakakumbatiana kwenye televisheni, na tangu hapo ukuta umeongezwa kimo mara mbili. Ni amani gani hiyo inayohitaji ukuta mrefu kuliko wa vita?

Nikianika nguo namsikia Mama akikohoa jikoni kwako. Kumfikia nazunguka mjini kwa mabasi mawili, na mara ya mwisho vijana wenu walinifuata hadi kituoni wakiniita mke wa Papa wa Roma, kwa kuwa nimeolewa na Mkatoliki. Niliwajibu kwamba Papa hajawahi kunisaidia kuosha vyombo. Hawakucheka.

Kwetu wamekubali lango la ukutani lifunguliwe mchana. Kwenu kamati ya mtaa inakungoja wewe. Tia saini, nimwone Mama angali hai.

Dada yako,
Lorna


21 Machi

Dada Lorna,

Salamu nyingi. Nimefurahi kupata barua; kwenye simu huwa unanikatiza. Mwambie shemeji njiwa wake wananichafulia madirisha. Hao hawakungoja kamati.

Mama hawezi tena kupanda gari. Tumemwekea kitanda jikoni, dirishani. Hutazama ukuta kutwa. Jana alisema, "Mfungulie Lorna, amesimama nje muda mrefu." Nilitoka kutazama, mtu mzima mimi. Hapakuwa na mtu.

Lakini unajua ni kwa nini sisaini. Lango lilikuwa wazi siku aliyopita mtu mwenye koti la posta. Mwanangu Gareth alimfungulia mlango, akamwambia, "Ingia ndani, kuna baridi." Nilikuwa kwenye ngazi, nikasikia kila kitu, hadi risasi. Mpaka leo upepo ukitikisa lango, Avril huweka kikombe mezani na kungoja. Wewe unaandika habari za amani kwa ujumla. Mimi nina mlango mmoja.

Sitasaini.

Kaka yako,
Mervyn


9 Juni

Kaka Mervyn,

Pole, na mpe wifi pole. Alinipigia asubuhi Mama alipofariki, akalia kuliko mimi.

Sikuja mazishini kwa kuzunguka kwa sababu hukunialika, na kwenye msiba wa Gareth nilirudishwa mlangoni kwako. Kwa hiyo nilivaa koti jeusi, nikasimama upande wetu wa lango. Fintan alikuja, na majirani. Bi Philomena alianza rozari, kisha akaikatiza, akasema marehemu alikuwa wa kanisa lenu, tusimpe asichokiomba.

Tukasikia viatu vya wanaume vikija. Vikafika mbele ya lango, vikasimama. Wanaume wa kwetu wakavua kofia. Nikaweka kiganja kwenye chuma, nikajua Mama yuko pale, mbali nami kwa unene wa bati tu. Kisha viatu vikaendelea.

Nilikuwa nimekuandalia maneno makali, kaka. Yameisha. Asante kwa kumsimamisha. Hilo lilinitosha.

Dada yako,
Lorna


26 Juni

Lorna,

Natumaini hamjambo. Nimeandika barua hii na kuichana, maana ningeweza kukuacha hivyo hivyo ukiwa na amani yako. Lakini ni amani ya uongo.

Hatukumsimamisha Mama kwa ajili yako. Pale langoni ndipo tunapobadilishana mabega. Watu wa juu ya mtaa hubeba jeneza hadi hapo, wa chini hulipokea. Trevor, niliyebeba naye, alikuwa akinong'ona kuhusu mgongo wake, nami nikimnyamazisha. Basi. Hakuna aliyelitazama lango.

Na liko baya zaidi. Asubuhi ile ya mazishi ofisi inayoshika ufunguo wa lango ilinipigia, ikauliza kama familia ingependa lango lifunguliwe kwa saa moja. Nikasema hapana haja. Unajua kwetu wanawake hawafuati jeneza. Hubaki nyumbani na chai na mikate. Nilikuhesabu kuwa mwanamke wa kwetu. Sikuwaza kwamba miaka yote hiyo kwa akina Fintan imekufundisha kutembea nyuma ya wafu wako. Sikukataa kwa hasira, dada. Hukunijia akilini.

Avril anasema alikuwa akikata mikate, akasikia kitu kikigusa chuma. Hataki kile kitanda kiondoke dirishani.

Mervyn


1 Julai

Kaka Mervyn,

Salamu kwako na kwa wifi.

Barua yako ilinifanya nimfokee Fintan, asiye na kosa. Akasema, "Angalau kaka yako hajui kudanganya." Kweli. Ungenitukana, ningejua la kujibu. Kusahauliwa na mtu wa damu yangu, anayenisikia nikikung'uta mazulia, hiyo ndiyo kazi ambayo ukuta umeifanya vizuri kuliko bunduki yoyote. Usiniambie tena kwamba haumdhuru mtu.

Gareth simsahau. Aliyemuua alitoka upande ninaokaa, na wapo hapa wanaojua jina lake na kununua maziwa pamoja nami. Nimewaambia hivyo usoni. Sasa zamu yenu.

Kamati yenu inakutana kabla ya maandamano yenu ya ngoma za Julai. Wasomee barua yako na hii kwa sauti, zote, hata habari ya mgongo wa Trevor. Kisha nisikilizeni, Trevor, Avril, Mervyn, na nyote mnaokaa kwenye vile viti vya ukumbi wa kanisa. Sidai mvunje ukuta. Kaburi la Mama liko kwenu. Nataka kwenda Jumapili, mchana, kwa miguu. Kagueni mkoba wangu, fungeni nyuma yangu mkitaka. Lakini mmoja wenu atembee nami hadi kaburini, mtaa mzima ukitazama. Msinijibu kwa jina la kamati. Niandikieni jina la mtu.

Dada yenu,
Lorna