Do ya Kibati

Alhamisi, Goma. Mvua imenyesha tangu alfajiri na soko la Birere lote ni tope jeusi. Wateja hawaji. Nimekaa nyuma ya cherehani yangu, kichwa kimejaa maswali ambayo hakuna wa kumuuliza hapa sokoni.

Jumamosi nafanya mtihani wa nadharia ya muziki, ngazi ya kwanza kabisa. Nikifaulu, naingia darasa la kinanda. Nikishindwa, nitasubiri mwaka mzima, na sisi tuliokimbia vita kwetu Kibati tumeshaacha kuahidiana mambo ya mwaka ujao. Naitaka nafasi hii mno, hadi naona aibu.

Jana nilipata sifuri.

Lilikuwa zoezi la kusikiliza. Mwalimu wetu, tunamwita Maître, anapiga sauti chache kwenye kinanda, nawe unaandika majina yake: do, re, mi. Nilimaliza wa kwanza, nikaanza hata kuwaonea wenzangu huruma. Kumbe kila jina nililoandika lilikuwa kosa. Maître aliitazama karatasi yangu, akacheka mpaka akavua miwani.

"Sasa dada, do yako inatembeaka?"

Inatembea, ndiyo! Kwaya yetu haijawahi kuwa na kinanda. Kiongozi wetu, Mama Masika, anasafisha koo, anatoa sauti, na hiyo ndiyo inakuwa do ya wimbo. Re na mi zinafuata zenyewe. Kesho yake do inaweza kuwa mahali pengine kabisa. Nimeimba hivyo tangu utoto, ndiyo maana sauti ya kwanza ya Maître niliiita do; sikujua kuna do iliyokaa mahali pamoja, isiyosogea hata mwimbaji akiwa na mafua. Nilikasirika kidogo. Nani aliipigilia misumari?

Jana hiyo jioni, kwenye mazoezi ya kwaya katika kambi ya wakimbizi tunakoishi, nilimuuliza Mama Masika anaichagua vipi do yake. Alinishangaa.

"Minaitafuta pale koo ya bote inafika," alisema. "Mama Nzigire iko na kikoozi. Njo maana naishusha."

Sikuridhika. Nilirekodi mazoezi yote kwa simu, na leo mchana nikafunika cherehani kwa nailoni, nikaenda kumwomba Maître aniachie kinanda kidogo. Nilitaka kujizoeza tu: hii do yetu, kwa majina yake yeye, inaitwaje? Nikabonyeza hapa na pale hadi sauti mbili zikapatana. Re. Nilijipigia makofi.

Kisha udadisi ukanizidi. Simuni nina wimbo huohuo wa jana, tulivyouimba kanisani Kibati, kabla ya kukimbia. Nikauweka. Mama Masika yuleyule, maneno yaleyale. Nikatafuta do yake, nikadhani nimekosea, nikarudia.

Fa.

Tumeshuka. Kutoka fa hadi re si mbali, vidole vinafika bila kujinyoosha. Lakini hakuna aliyejua. Tulishuka kidogo kidogo, kila jioni kwa ajili ya koo la mtu fulani: moshi wa kuni, vumbi, baridi ya kulala chini ya hema. Na kwa kuwa do yetu ilishuka pamoja nasi, kwetu wimbo ulibaki uleule. Ilibidi ile do ya Maître, niliyoikasirikia jana, ndiyo inionyeshe.

Nikausikiliza tena ule wa Kibati. Juu ya wote kuna sauti ya Kahindo, binamu yangu, aliyepitia mpaka wa Bunagana akaingia Uganda na hajarudi. Anapanda pale juu bila shida, hata anacheka kidogo katikati ya ubeti. Nililia mbele ya kinanda cha watu. Maître alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Basi sifuri ya jana nimeielewa, na sidhani nitairudia. Sasa naitaka Jumamosi kwa sababu nyingine pia: nataka kuweza kuandika wimbo wetu pale ulipokuwa, kwenye fa yake, hata kama kwa sasa hatuuimbi hapo.

Ila Mama Masika sijui nimwambieje. Nikimweleza, najua atataka kujaribu. Atasafisha koo, atatupa ile do ya Kibati, mara moja tu.

Nani kati yetu ataifikia?