Kigoda cha Pili

Mama,

Ile opera yako ya mwanamke mmoja tunaigeuza filamu. Usicheke. Didasi, yule anayepiga video za harusi, ana kamera, mimi nina kaseti ya sauti yako, na tumepewa depo tupu kule kwenye viwanda, karibu na bandari. Mwigizaji hatuweki. Ni kitenge chako kwenye kamba, vigoda vyako viwili, na wewe unaimba peke yako habari za moyo uliovunjika.

Lakini nani aliuvunja? Tangu utuache, hilo limeninyima raha. Watu walisema kigoda kitupu ulichokiweka kando yako ni cha mwanamume, nami nikawa namtazama Baba kwa jicho la pembeni. Akinyamaza mezani nasema moyoni, ndiye huyu. Na kile kicheko chako katikati ya wimbo, pale pasipo na la kuchekesha, nilijua unamcheka yeye.

Juzi mchana, kaseti ikiimba, akaingia mwanamke wa makamo, kikapu mkononi, akaenda moja kwa moja kukalia kigoda cha pili. Hakuuliza! Siku hizi za vita mtu akitaka tu kujua unakaa mtaa gani, unafikiri mara mbili. Nikajua katumwa kutuchunguza. Naye akaikodolea macho kamera.

"Iyi mashini ni ya nani? Mi ni Melania wa Kinama. Nilikuwa napita, nikasikia sauti ya Goreti."

Nikanyoosha mkono kuzima kaseti.

"Apana, mutoto wangu. Wacha aimbe."

Kisha akaanza kukujibu. Mama, kumbe ni akazehe, ile salamu ya kuimbwa ya wanawake, mmoja akiita mwenzake anaitika! Nilikuwa nasikia upande mmoja tu, ningeijuaje? Ukinyamaza, anaingia. Akimaliza, unaendelea. Mapengo yale yote ambayo Didasi alitaka kuyafuta yalikuwa zamu zake. Halafu akakuuliza kwa Kirundi kama bado unaunguza maharage, na wewe kwenye kaseti ukacheka.

Nililia bila aibu. Alisema mlisalimiana hivyo tangu usichana, mpaka vita vikafunga njia ya mtaa wao wa Kinama na watu wa kwake na wa kwetu wakaanza kuogopana. Siku hiyo alikuwa amepenya kwa vichochoro kwenda sokoni. Kurekodiwa alikataa. "Wakinisikia umo, nitarudi kwangu namna gani?" Sikumlazimisha.

Jioni nilimpikia Baba, nikamjazia sahani. Akaniangalia kwa mashaka, akauliza nataka nini.

Pumzika, Mama yangu. Mapengo yako hayafutwi, na kigoda cha pili hakiondoki. Njia ikifunguka nitakwenda Kinama, nisimame mlangoni pa Melania, nimwimbie sehemu yako ili apate wa kumjibu. Nimeshaanza kujifunza. Kicheko tu ndicho bado kinanishinda.

Mwanao,
Konsolata