Filimbi, Uji na Uwera

Dada Leokadia,

Shikamoo, ingawa najua leo sitapata marahaba. Nimechoka, dada. Tangu tukuzike Kanazi nafundisha madarasa mawili, langu na lako, chini ya turubai lile lile linalovuja. Wakimbizi bado wanaingia kupitia Rusumo, na watoto hawaenei tena kwenye mabenchi.

Nakuletea habari za Uwera, yule binti aliyekuwa akijitupa chini ya benchi kila filimbi ikilia. Huko kwao filimbi zililia kwanza, ndipo watu wakauawa.

Unakumbuka ujinga wangu? Nilitoka chuoni kichwa kimejaa habari za panya anayebonyeza kitufe apate chakula: tendo likituzwa, hurudiwa. Basi nikawa nampa Uwera biskuti kila anapotoka mvunguni. Siku ya tatu napuliza filimbi, lo! Darasa zima likaingia chini ya mabenchi. Ulicheka ukashika mbavu, ukaniita Mwalimu Biskuti. Kisha ukaniambia, "Wenzake wamechagua kujificha. Yeye hachagui. Huwezi kumhonga mtu aache kuogopa."

Ukanikumbusha nadharia ile nyingine, ya mbwa aliyezoea kulishwa kengele ikilia hadi akadondokwa mate kwa kuisikia tu, niliyoikariri kwa ajili ya mtihani tu. Hofu yake imefungwa kwenye sauti, ulisema, basi sauti hiyo hiyo tuifunge kwenye kitu chema. Ukanipeleka mbali, kwenye matangi ya maji, nipulize taratibu, na papo hapo wewe uingie na ndoo ya uji. Kila siku nisogee hatua chache. Niliona unanichosha bure. Halafu malaria ikakuchukua ndani ya siku nne tu, nami filimbi nikaitupa sandukuni. Nisamehe.

Mwezi uliopita niliitoa tena, nikaanzia kule kule kwenye matangi, mpishi akileta ndoo. Leo nimepuliza nikiwa mlangoni kabisa. Uwera alishtuka, mabega yakapanda, lakini hakuinama. Alishika kikombe chake, akatazama nyuma yangu, nje.

Dada, alikuwa anakutafuta wewe. Hata mimi niligeuka. Uji ulikuwa umechelewa jikoni, njia tupu, tukabaki tunaitazama wote wawili. Roho iliniuma sana.

Nadharia yako inasema filimbi ikizidi kulia bila uji, yote hufutika. Sitakubali. Pumzika, dada yangu. Kesho kiranja atapuliza, na ndoo nitaibeba mimi.

Mwalimu Biskuti