Rangi ya Jukwaani

Jumamosi usiku

Watu hawajui kwamba mtunisha misuli huwa dhaifu zaidi siku ile anayopendeza zaidi. Tangu Alhamisi nilikuwa nimejinyima maji ili misuli ichomoze. Leo asubuhi, siku ya mashindano, nilikuwa nimeshajipaka ile rangi ya jukwaani, kahawia mwili mzima, nikamsikia Mama akianguka bafuni.

Nikambeba. Enzi za mieleka niliinua majitu juu ya kichwa watu wakipiga mayowe. Mama ni mwepesi kama mtoto, lakini kwenye ngazi magoti yangu yakakataa. Akaniponyoka.

Baba Wanjiru, yule jirani fundi viatu, mwembamba hivyo, ndiye aliyemchukua mgongoni hadi kwenye teksi.

"Sasa kijana, hizo misuli zote ni za nini?"

Hakuwa akinicheka. Afadhali angenicheka.

Nyonga imevunjika. Sijui kama ilivunjikia bafuni au kwenye ngazi, na naogopa kumuuliza daktari.

Mama mwenyewe anauliza tu kama nilishinda.

Nesi alitaka kujua madoa ya kahawia kwenye gauni la Mama yametoka wapi. Ni vidole vyangu. Vinaonekana wazi mahali vilipomshika, halafu vinateleza.