Baba Anajifunza Kusoma Kimya

Jumatano, 14 Juni 2023

Nimefaulu. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama.

Jana niliaga kwamba naenda mjini Oulu kutafuta viatu. Viatu gani! Nilikwenda kufanya mtihani wa cheti cha msingi cha kompyuta — ule ule anaousomea Baba. Nililipa kwa pesa nilizozawadiwa nilipomaliza shule. Cheti sikukihitaji. Nilitaka tu kuuona mtihani wenyewe ulivyo, nije nimweleze Baba asiogope: maswali yanakujaje, ukikwama unafanyaje. Tangu majira ya baridi nimekuwa nikimsomesha pale mezani jikoni, kwa hiyo karibu kila swali nililijua. Mwishoni skrini ikaniambia nimefaulu. Nikacheka peke yangu mbele ya mashine ya kahawa, mtu mmoja akanisogelea kuuliza kama imeharibika.

Nakumbuka tulivyouchagua. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa, Baba alipelekwa kozi, na Mervi, mwalimu wao, akawawekea vyeti vitatu wachague: msingi, mitandao, usalama. Baba alirukia usalama. Alisema aliwahi kulinda geti la kiwanda, kazi anaijua. Mervi alimjibu kwamba wezi wa siku hizi hawapiti getini, aanze na msingi kama watu wote. Baba alirudi nyumbani amenuna kidogo, kisha akaniuliza kama ningesoma naye.

Yeye anafanya Ijumaa. Akifaulu tu, nami namwambia langu. Tutakata keki moja.

Ijumaa, 16 Juni 2023

Hakuna keki.

Baba aliufanyia nyumbani, na mtihani wa nyumbani una masharti yake. Chumba kitupu, mlango umefungwa, asiingie mtu, usitoe sauti. Msimamizi yuko mbali huko, anakutazama kwa kamera. Tukaondoa kalenda ukutani, saa, picha ya harusi, mpaka taulo za vyombo. Mimi na Mama tukaenda kukaa bustanini. Baba akatoka mapema mno. Akasema intaneti imekatika. Mama ameilaumu kampuni ya simu mpaka viazi vimepoa.

Intaneti haikukatika. Barua pepe za Baba nazifungua mimi, maana nywila yake haimkai kichwani. Wasimamizi wameandika kwamba mtahiniwa ameonywa mara mbili asichezeshe midomo, hakuacha, mtihani umefungwa.

Baba husoma kwa midomo. Siku zote — gazeti, karatasi ya dawa, pakiti ya mbegu. Na mtihani uko kwa Kiingereza. Kiingereza chake ni cha kiwandani, cha vibandiko vya mashine. Asipolitamka neno halimwingii. Yule wa kamera lazima alidhani kuna mtu amejificha chumbani wanasaidiana.

Nilimwambia Baba kwamba barua nimeiona. Akachukua kikombe safi akakiosha. Akaniomba Mama asijue. Nikakubali.

Ningemwambiaje leo kwamba mimi nimefaulu?

Jumapili, 25 Juni 2023

Sikukuu ya katikati ya kiangazi imepita na mvua yake. Soseji zimeliwa ndani.

Baba alitangaza kwamba anahamia cheti cha mitandao. Eti cha msingi hakimfai. Nikamuuliza kama mtihani wa mitandao unaruhusu kunong'ona. Akanitazama, kisha akasema basi, ataurudia ule wa msingi.

Nikamshauri aende akafanyie Oulu, kwenye kituo, huko hakuna kamera ya kukutazama mdomoni hivyo. Nilitaka kusema chumba kina madirisha makubwa na viti vizuri — nikajing'ata ulimi! Baba akasema hatakwenda kuketi kati ya vijana waliosoma na mimi wamsikie akinguruma kama trekta.

Basi atafanyia nyumbani tena, tarehe ishirini Julai. Itabidi ajifunze kufunga mdomo. Nimempa njiti ya kiberiti aibane kwa midomo anaposoma. Ikidondoka, anarudia swali. Imedondoka kila swali. Mama aliingia akamuuliza tangu lini anavuta sigara zisizo na sigara. Baba akajibu kwamba anaacha kabla hajaanza.

Jumanne, 4 Julai 2023

Njiti haidondoki tena. Lakini sasa anakosea kila kitu.

Leo alikosea hata swali la kumbukumbu ya kompyuta, lile ambalo huwa ananieleza yeye, kwa mfano wa meza na kabati: unachofanyia kazi kiko mezani, unachohifadhi kiko kabatini. Alisoma akiwa amebana njiti, akafika mwisho, akaniambia hajui alichosoma. Maneno yamepita tu. Alisema bila hasira, ndiyo maana nikaumia.

Nilipokuwa mdogo alikuwa akitoka zamu, ananuka karatasi mbichi, ananisomea kitandani. Taratibu, kidole chini ya mstari. Mimi sikuangalia kitabu, niliangalia midomo yake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, kabla ya shule. Na sasa nimeketi mbele yake namwambia aifunge. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya banda la kuni mpaka nikatulia.

Niliporudi nikamwambia aache njiti. Afunge mdomo, lakini ulimi auache ufanye kazi ndani, nyuma ya meno. Akajaribu. Kwa nje alionekana kama mtu mwenye peremende mdomoni. Akajaribu swali la pili, la tatu. Akapata! Akaniuliza nimeyatoa wapi haya. Nilikuwa nimeyabuni pale pale, nikasema Mervi.

Alhamisi, 13 Julai 2023

Manispaa inatafuta mtu mmoja wa kutunza kompyuta za shule zetu. Masharti: cheti cha msingi, uwe unaishi hapa. Mtu mmoja tu. Maombi yanafungwa tarehe ishirini, saa kumi alasiri. Wanakubali hata aliyepata cheti siku hiyo hiyo.

Baba alisoma tangazo mara tatu, mara ya mwisho kwa ulimi, kimya kabisa, akitutazama tuone. Kisha akasema atakuwa anakwenda kazini kwa baiskeli. Sijamsikia akisema neno kazini tangu kiwanda kifungwe.

Ikaja chakula cha jioni. Viazi vipya, samaki wa chumvi. Mama, bila nia mbaya, akasema kwa kucheka kwamba Saimi, yaani mimi, angekuwa na hicho cheti kazi ingekwisha leo, maana ndiye anayemsomesha mzee wake. Nikahisi masikio yanawaka. Baba aliweka uma chini.

"Angekuwa nacho, nisingeomba," alisema. "Siwezi kusimama njiani kwa mwanangu."

Kisha akaomba bizari. Mama akampa. 

Kwa hiyo nikimwambia, anaacha. Mtihani, kazi, baiskeli, vyote.

Jumatatu, 17 Julai 2023

Naitaka ile kazi. Hapa naweza kuandika. Mimi ambaye darasani nilikuwa siinui mkono hata nikilijua jibu — najiona nikiingia shule ya msingi na mkoba wa vifaa, mwalimu ananiuliza kimetokea nini, nami najua.

Nimeandika maombi. Nikayafuta. Nikayaandika tena. Hayajaenda.

Alhamisi, 20 Julai 2023

Naandika nje, kwenye ngazi ya sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Baba yuko ndani, kwenye chumba cha kuvulia nguo. Ndicho chumba pekee chetu kisicho na kitu ukutani! Jana tulitoa ndoo na mataulo, tukaingiza meza ndogo. Leo asubuhi alimwonyesha msimamizi pembe zote nne kwa kamera, na benchi, na chini ya benchi. Sijui yule mtu alifikiri nini kuhusu zile kuta za mbao. Kabla sijafunga mlango Baba alinionyesha ulimi, haraka, kama mtoto.

Kazi yangu ni kuzuia watu. Bibi Hilkka wa jirani amekuja na stroberi na sauti yake. Nikamwekea kidole mdomoni. Akanong'ona, kwa mnong'ono unaofika barabarani, nani anaoga saa hizi. Nikamwambia Baba anafanya mtihani. Akauliza, humo? Akaweka stroberi kwenye nyasi na kuondoka kwa ncha za vidole, mama wa miaka themanini na kitu.

Sasa niandike lililobaki.

Asubuhi, Baba alipokuwa akinyoa ndevu, nilituma maombi. Yangu. Na cheti changu.

Usiku kucha nilikuwa nimeamua kutotuma. Niliona huo ndio wema. Kisha nikamsikia bafuni akijisomea mwenyewe kwa sauti kwa mara ya mwisho, aina za nyaya, moja baada ya nyingine, kwa kile Kiingereza chake cha vibandiko. Zote sahihi. Nikaona: nikijitoa, nitakuwa nimemwekea alama kabla hajafanya mtihani. Nitakuwa kama yule wa kamera. Nimeamua yeye hawezi kushinda nami nikiwepo. Nani kasema hawezi? Yeye alisimamia mashine kubwa kuliko kanisa letu. Wanaweza kumchukua yeye. Wanaweza kunichukua mimi. Nataka afaulu, na naitaka kazi, na sijui jinsi ya kupunguza hata kimoja.

Ya kwake nimeyaandaa pia, yako tayari, yanasubiri cheti. Muda bado upo.

Ndani kimya. Hata ubao haulii. Ameshapita pale alipofungiwa mara ile, nadhani. Mikono yangu inanuka stroberi, nimekula bila kujua.

Subiri — kiti kimesogea. Sijui kama amemaliza au wamemfungia tena. Anakuja mlangoni, nasikia miguu yake.

Tafadhali, daftari langu, usimwambie wewe. Mpaka atume ya kwake. Mpaka anywe kahawa. Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa sauti, lakini kwa sasa nifichie siri hii —