Jirani wa Chini

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijaupoteza ujirani ulionirudishia mama yangu, na unisamehe barua hii ikienda bila kituo, maana mambo yenyewe yamenijia bila kituo. Mimi ni fundi cherehani, nina mke, watoto na mama yangu mzazi, ambaye aliwahi kupooza upande mmoja akawa wa kulala tu, na aliyemnyanyua si mimi wala mke wangu, kwa kuwa asubuhi sote tulikuwa kazini, ni jirani yetu anayeuza miche, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Miche, akishamwagilia nyanya na mipapai yake anapanda kwetu mikono ikiwa bado na udongo, ananawa, anamgeuza mama, anamkanda mguu, anamtania, "Bibi harusi, amka, wageni wameshafika," mpaka siku moja mama akacheka, siku nyingine akasimama, na leo anatembea kwa mkongojo. Tulipotaka kumpa chochote Mama Miche alikataa, akasema, "Mdogo wangu, mimi kila mvua nakunywa maji yako, tumelipana," maana mvua ikinyesha maji ya kiwanja changu huteremka taratibu kwenye nyasi mpaka kwenye kidimbwi alichochimba kwake, nayo ndiyo anayomwagilia miche.

Basi nimetaka kujenga chumba cha kushonea nyuma ya nyumba na kumwaga saruji ua wote, ili nifanye kazi nikiwa karibu na mama, nikapeleka mchoro halmashauri kuomba kibali, ofisa akanirudishia, akasema sijaonyesha maji ya mvua yataelekea wapi, na tena nilete ridhaa ya jirani wa chini. Mimi kwa furaha nikaenda mbio kwa Mama Miche, nikamkuta na wateja, nikaisoma karatasi kwa sauti, "Wanataka ridhaa ya jirani wa chini, na jirani wa chini ndiye wewe, dada, weka sahihi hapa." Mteja mmoja akaangua kicheko, "Haya, jirani wa chini, na bei nayo ishuke!" Mama Miche akafuta mikono polepole. "Wa chini ya nani, Fundi? Chini ya bati lako?" Nikababaika, nikadhani ridhaa na radhi ni kitu kimoja, nikamjibu, "Basi naomba radhi, dada, ndivyo karatasi inavyotaka." Akanitazama. "Kumbe hata kuniomba radhi umetumwa na halmashauri?"

Tangu siku hiyo hapandi kwetu. Mama anakaa mlangoni kumngoja, ananiuliza, "Umemfanya nini mwenzangu?" Rafiki yangu fundi mwashi ananiambia nisihangaike na sahihi, tugeuze mteremko wa ua, maji yote yaende barabarani, na hapo kwenye mchoro hakutakuwa tena na jirani wa chini, lakini nikifanya hivyo kidimbwi chake kitakauka na miche yake pia. Mshauri, kila mama anapopiga hatua namshukuru mwanamke huyu moyoni. Nifanyeje ili shukrani yangu isigeuke tusi?

Fundi Mwenye Haya

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Barua yako imenifurahisha kabla haijaniudhi, na nakushukuru kwa hilo. Wengi huniandikia kwamba maji ya jirani yamewaingilia sebuleni. Wewe umeniletea majirani walioumizana ilhali kila mmoja anadhani amepokea zaidi ya alichotoa. Ugonjwa huo unapona.

Sasa yaliyoniudhi. Wewe ni fundi cherehani. Ukimpima mteja kiuno, huwatangazii waliokaa kwenye benchi. Unanong'ona, unaandika, unaendelea. Vipi kipimo cha Mama Miche ukakisoma kwa sauti mbele ya wateja wake?

Neno lenyewe halina kosa, ila hakuna aliyekufafanulia, basi nivumilie. Chini inayosemwa na ofisi ni chini ya mteremko. Maji hayajui cheo cha mtu. Tajiri akijenga bondeni naye ni jirani wa chini, na wewe mwenyewe ni jirani wa chini wa huyo aliye juu yako. Na kwa nini wanauliza? Chukua kipande cha pamba na kipande cha turubai, uvimwagie maji sawasawa. Pamba itakunywa kwanza, ndipo ianze kudondosha. Turubai litayatema yote papo hapo. Kiwanja chako leo ni pamba. Ukishaezeka bati na kumwaga saruji, kitakuwa turubai. Mvua itakuwa ile ile, lakini maji yaliyokuwa yakimfikia Mama Miche yakitembea yatamfikia yakikimbia, na miche yake itakwenda kuota kwa watu wengine. Kwa hiyo ofisa aliyekurudishia mchoro alikuwa anamlinda mtu unayempenda. Ukirudi kwake mwambie ahsante. Ni neno ambalo watu wa ofisi ile hawalisikii mara nyingi.

Huyo rafiki yako mwashi mshukuru kwa nia yake, ushauri wake umwachie. Maji ukiyageuzia barabarani hayajafutika, yamekwenda kwa mtu aliye chini zaidi, tena hukumwuliza. Na unawezaje kumtoa kwenye mchoro mtu aliyemtoa mama yako kitandani? Tunasema tenda wema nenda zako. Sawa, lakini anayeambiwa aende zake ni mtenda. Aliyetendewa hajaambiwa naye aondoke.

Kuhusu ridhaa na radhi, hao ni ndugu wa tumbo moja, ila kila mmoja ana kazi yake. Ridhaa ni kukubali kwa hiari jambo unalolielewa. Radhi hapa ni msamaha. Halmashauri imekutaka ulete ridhaa tu. Radhi unatakiwa uiombe mwenyewe, bila kutumwa, na ndiyo inayotangulia.

Nenda mchana, wateja wakiwepo, kwa sababu walikuwepo ulipomwaibisha. Karatasi iache nyumbani. Mwambie, "Dada, nilikosea mbele ya watu, nimekuja kutengeneza mbele ya watu," kisha unyamaze, aseme atakalo, hata akikutania mwaka mzima. Akishapoa, siku nyingine mwalike kiwanjani. Mwonyeshe kwa vigingi na kamba chumba kitakapokaa, umwulize kidimbwi chake hubeba maji kiasi gani na hufurika lini. Halafu mtafute mchoraji anayekubalika na halmashauri. Aweke kwenye mchoro tangi la kupokea maji ya paa, lenye bomba jembamba chini yake la kuyaachia taratibu kuelekea kidimbwini. Aonyeshe pia tangi likijaa ziada itapita wapi bila kumdhuru Mama Miche wala mwingine. Ua usiusakafie wote, acha ukanda wa nyasi na kokoto mpakani, ardhi nayo inywe. Hapo ndipo umwombe sahihi, maana atakuwa anasaini kitu anachokielewa. Akikataa, ni haki yake. Badilisha mchoro, usibadilishe jirani. Na usichimbe msingi hata shimo moja kabla kibali hakijatoka.

Neno la mwisho. Siku ya kuomba radhi usiende peke yako, mchukue mama. Najua ni mteremko, mshike mkono, lakini ashuke kwa miguu yake. Mtu aliyelala hawezi kuinuliwa na aliyesimama wima. Ni lazima ainame kwanza, na Mama Miche aliinama asubuhi nyingi. Akikuuliza tena yeye ni wa chini ya nani, wewe funga mdomo. Jibu litakuwa limesimama mbele yake, limeshika mkongojo.