Kona ya Nyumba ya Mama Wangui

S.L.P. 1187,
Kitale.
28 Machi 2007

Kwa dada yangu Roselyne,

Nisamehe nikianza na hili kabla ya salamu, maana nikisalimu kwanza nitaogopa na kuandika habari nyingine. Macho yangu yanaharibika, dada. Sijamwambia mtu yeyote, hata shangazi ninayeishi kwake. Nikitazama kitu moja kwa moja, pale katikati ni kama pamepakwa majivu, na mistari iliyonyooka naiona imepinda.

Sasa nakusalimu. U hali gani huko Kanduyi, na kazi ya cherehani, na shemeji Wabwile? Mtoto ameacha kukohoa? Huku mvua imeanza na watu wako mashambani wanapanda mahindi. Mimi sina homa wala njaa, namshukuru Mungu kwa hayo.

Unajua kwamba nilipomaliza kidato cha nne shangazi alinitafutia nafasi kwa Bwana Gicheru, anayechora ramani za nyumba kwa kompyuta, juu ya duka la mbegu. Mama huko Malakisi amewaambia wanawake wote wa kanisa kwamba Nasike wake anachora nyumba za watu. Anayenifundisha ni Hesbon, kijana wa Kamukuywa ambaye mdomo wake haupumziki. Akiniona nimeinama karibu na kioo huuliza kwa sauti ati mimi na hiyo kompyuta tutafunga harusi lini. Wateja hucheka. Mimi pia hucheka kidogo, maana afadhali wacheke hivyo.

Kazi niliyoipenda ni kulinganisha. Nyumba huchorwa peke yake, imenyooka, lakini kiwanja huja katika mchoro wa mpimaji ardhi, kimekaa mshazari kufuata barabara. Lazima uichukue nyumba uilaze juu ya kiwanja mpaka ukuta wa mbele ufuate mstari wa kiwanja bila kuachana hata kidogo. Wengine huikokota kwa kukadiria. Ukitazama unaona imekaa sawa, lakini ukiivuta picha karibu unakuta pengo. Bwana Gicheru akiliona hukasirika. Husema jicho ni mwongo. Njia yake ni hii: unagusa kona ya nyumba, kisha mahali kona hiyo itakapokaa, unagusa kona ya pili, kisha alama inakoelekea, kule mwisho wa mstari wa kiwanja. Ukikaribia kona, kisanduku kidogo cha manjano huwaka chenyewe na kuidaka.

Dada, kile kisanduku ndicho kilichonificha. Sikuhitaji kuiona kona. Nilingoja rangi iwake pembeni mwa jicho, nikabonyeza. Bwana Gicheru akasema mbele ya Hesbon kwamba mkono wangu ni safi kuliko wake. Siku hiyo nilikwenda nyumbani nikiimba.

Lakini mwishoni kompyuta huuliza swali, kwa maandishi madogo chini kabisa: niitanue pia nyumba ili ifike kwenye ile alama ya pili? Hilo hujibiwa hapana, siku zote. Nilipoilaza nyumba ya Mama Wangui, mwalimu mstaafu, maandishi yale nilikuwa nimeshayapoteza. Niliona ukungu tu. Nilidhani naulizwa kama niendelee, nikajibu ndiyo. Nyumba ikavutika, vyumba na milango na yote, hadi kona yake ikagusa mpaka wa jirani. Kwangu mimi ilionekana imekaa vizuri sana.

Hesbon aliichapisha bila kuitazama, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa haikaguliwi tena. Fundi akapiga vigingi, vijana wakaanza kuchimba msingi. Jirani akatoka akauliza nani amewatuma kung'oa viazi vyake. Mama Wangui alipanda ngazi zetu viatu vimejaa udongo, akatandaza ramani mezani, akauliza ati hii ni nyumba ya mjane ama ni ukumbi wa mikutano, na huo mlango ni wa kupitisha trekta?

Hesbon hakucheka. Bwana Gicheru alinisimamisha mbele yao akaniuliza lile swali la chini lilisema nini. Akauliza tena, kwa upole, akasema niseme tu kwamba sikusoma. Nikasema sikusoma. Basi akasema mimi ni mzembe, na kazi hii haitaki mzembe. Nimalize mwezi nirudi kwetu.

Ningeweza kumweleza. Niliona afadhali niitwe mzembe, maana mzembe hubadilika.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari alinipa kadi yenye miraba midogo, nikafunika jicho moja, kisha la pili. Miraba ya katikati ilikuwa imelegea kama seng'enge iliyoegemewa na ng'ombe. Nilimwomba miwani. Alisema miwani haitasaidia, na dawa hana. Pembeni nitaendelea kuona, lakini katikati patazidi kufifia. Nikamwuliza je, nikiomba sana? Akasema niombe, yeye pia huomba.

Kisha akaniuliza kama nina ndugu. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie wewe. Alisema ugonjwa huu mtu hurithi kwa baba na mama, nao wenyewe wasiugue, na unaweza kuwapata watoto zaidi ya mmoja wa tumbo moja. Nikakumbuka Krismasi, uliponiambia nikutungie uzi kwenye sindano, ukasema umechoka. Nami nikashindwa. Tukacheka, tukasema sindano ni mbovu.

Tafadhali, simama mbele ya mlango wako mchana. Funika jicho moja uitazame fremu katikati, kisha ufanye hivyo kwa jicho la pili. Kama imenyooka, niandikie upesi nifurahi. Kama imepinda, niandikie pia.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na majirani wanaoniulizia waambie nipo salama. Barua hii ichome jikoni. Mama asijue, dada, wala mtu mwingine yeyote.

Lakini kama maandishi haya yamekushinda, na ni shemeji anayekusomea, basi usihangaike na mlango. Shemeji Wabwile, nisamehe. Nakuomba na wewe unyamaze.

Mdogo wenu,
Nasike